Sigara Iliyowashwa Jikoni

Amu, baada ya adhuhuri

Kwa jina la Mwenye kurehemu naanza, kisha nakuja kwako, Lali mwanangu.

Barua hii nitaiweka katikati ya zile kanzu zako mbili, kwa hiyo utaiona Mombasa utakapofungua mkoba, si kabla. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Uko hapo chini sasa hivi, nakusikia ukibishana na Bibi yako kama halua itayeyuka ndani ya basi au haitayeyuka. Lakini unanijua. Mdomo wangu hukauka mbele ya watu, na jambo likiwa zito hukauka hata mbele yako. Skuli mwalimu alikuwa akiniambia, "Esha, andika, maana ukisema hatukusikii." Skuli nimekwisha kuitoka, lakini hilo limebaki. Basi naandika.

Watu wa huko wakikuona unasoma barua inayoanza kwa "mwanangu" na kumalizika kwa jina la msichana wa miaka kumi na saba, watacheka. Waambie mama yako alikuwa dada yangu, na mdogo wa mama ni mama. Alipofariki ulikuwa na miaka minne na mimi tisa. Bibi yako alichukua mkono wako akautia katika mkono wangu, akasema, "Esha, huyu ni wako." Nilidhani nimepewa mtu wa kucheza naye. Miaka minane sasa waniita Khalati, nami nimechelewa sana kuelewa nilipewa nini siku ile.

Sitakuambia habari za sabuni, wala za kulala mapema, wala za kutokula vya njiani. Hayo Bibi yako ameyasema mara saba, na ya nane atayasema kesho asubuhi gatini mbele ya abiria wote, upate aibu. Mimi nina neno jingine. Najua unaondoka bila radhi ya Babu yako, na najua kwa nini.

Leo ni siku ya tisa hajasema nawe. Ukimwamkia huitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, kisha hutazama ukuta. Juzi nilimsikia akimwambia Bibi yako, "Skuli atakwenda, nimekubali. Lakini mkono wangu hataupata."

Bibi yako akasema, "Mwana hasafiri bila radhi, Bwana. Hata punda akipakiwa huambiwa bismillahi."

"Punda hajanitolea moshi wa pua mbele ya wageni."

Bibi yako alicheka, akakabwa na tambuu yake, akakohoa. Mimi sikucheka. Wewe na mimi tumelelewa tukijua maana ya radhi. Mtu akiondoka bila radhi ya mzee wake, kila linalompata aendako hujiuliza kama ndilo hilo. Akianguka mtihani, ndilo hilo. Akiugua homa ya siku mbili, ndilo hilo. Sitaki ukakae Mombasa miaka minne ukijipapasa hivyo. Na Babu yako anataka kitu kimoja tu kutoka kwako: umtajie aliyekufunza kuvuta sigara. Siku tisa umefunga mdomo. Jina analolitaka ni langu.

Nimeinuka nikazunguka chumba, nimerudi. Leo siwezi kukaa kitako. Kama ulisikia miguu juu ya kichwa chako, ilikuwa mimi.

Nianze pale ilipoanzia, maana wewe ulikuwa mdogo na huenda hukumbuki. Babu yako hawashi sigara kwa kiberiti. Husema kiberiti kina harufu ya baruti na huharibu ladha. Sigara, asema, iwashwe kwa kaa la moto kama ubani. Na kaa la moto liko jikoni, na jikoni kwetu, kama nyumba zote za mawe za hapa, kuko juu kabisa darini, na yeye hukaa chini dakani, kwenye kiti cha mawe cha mlangoni, na wenzake. Katikati kuna ngazi tatu zenye giza. Nilipokuwa na miaka minane kazi hiyo ilikuwa yangu. "Esha! Kaniwashie!" Napanda mbio na sigara mkononi, naigusisha kwenye kaa, nashuka. Nikifika ngazi ya pili imezima. Napanda tena. Siku moja nilipanda mara nne, na wazee wakawa wanacheka pale chini, "Athmani, huyu binti yako anawasha sigara au anajenga mnara?" Mara ya tano niliitia mdomoni nikaivuta kila nikishuka vidato vitano. Ilifika inawaka. Babu yako akaipokea, akasema, "Ahsante mwanangu." Hakuuliza nimefanyaje. Hakuna mzee wa mji huu aliyewahi kumuuliza mtoto amefanyaje. Nimezungumza na wasichana wenzangu wa skuli, wanne kati yetu tuliwashia baba zetu hivyo hivyo.

Nami niliipenda. Hili sijamwambia mtu. Mwanzo nilitapika kwenye ndoo ya maji machafu, lakini baadaye niliipenda. Kichwa kilikuwa chepesi, na ile haya yangu, ambayo hunishika shingoni kama mkono, ilikuwa ikiachia kidogo. Nilikuwa naweza kufika pale dakani nikasimama mbele ya wanaume watano bila kutamani kukimbia juu.

Kisha nikafika miaka kumi na miwili, nikawa mwari, na Babu yako akaniambia nisishuke tena dakani. Tangu leo ni ndani, akasema, na ukitoka ni buibui. Sikuhuzunika hata kidogo, niliona raha. Lakini sigara ziliendelea kutaka kuwashwa, na wewe ulikuwa na miaka saba, na miguu yako ilikuwa myepesi. Siku ya kwanza ulirudi juu mara tatu unalia kwa kuwa inazima. Nilikukalisha kwenye kidato cha juu. Nakumbuka ulikuwa umevaa kikoi cha mjomba wako kilichokatwa katikati. Nikakuambia, "Sikiza. Vuta kidogo tu, usimeze. Ukifika pale kwenye dirisha dogo, vuta tena." Ukavuta, ukakohoa, mato yakajaa maji. Nikacheka. Nikakuonyesha moshi unavyotoka puani, ili usiogope, ili uone ni mchezo. Ukataka nikuonyeshe tena. Nikakuonyesha tena.

Na kabla hujashuka nilikutia hiliki mdomoni ili harufu isisikike. Hapo ndipo penye kosa langu, Lali. Kama nilidhani hakuna ubaya, hiliki ilikuwa ya nini? Nilijua. Mtoto wa miaka kumi na miwili hujua. Nilikufunza kuficha kabla sijakufunza kufunga shuka yako.

Bibi yako ameniita kuchambua mchele. Nimekwenda, nimeuchambua vibaya, amenifukuza. "Mkono wako hauko hapa, kaandike hiyo barua yako." Yeye anadhani naandika du'a.

Utajiuliza, ikiwa nyumba yetu yote ni tumbaku, kwa nini Babu yako amekasirika hivi? Hata mimi nilijiuliza. Duka letu ni la tumbaku tangu kwa babu yake yeye. Zamani ilikuwa tumbaku ya Pate peke yake: majani yanakuja yametungwa kwenye kamba kama samaki, yanasokotwa, yanauzwa kwa urefu wa mkono, mengine yanatwangwa ugoro kwa wazee, mengine yanakatwa kwa ajili ya tambuu za wanawake. Mwalimu alipotuambia kuwa jani hili lilitoka Amerika na kuletwa na Wareno, nilikuja nikamwambia Bibi yako. Alisimamisha kutafuna. "Mreno gani? Mreno alokuya hapa kwa mizinga? Tumbaku ni ya Pate, na mama yangu alitafuna na mamake alitafuna. Huyo mwalimu ni wa bara, ajua nini?" Nikasema ameyasoma kitabuni. "Basi kitabu nacho ni cha bara."

Sigara zenyewe zilikuja baadaye, wakati wa vita vikuu, Babu yako alipokuwa kijana kuli wa bandarini Mombasa. Askari waligawiwa makopo, na wao wakawagawia makuli. Aliondoka hapa mtu wa kunusa ugoro mara moja kwa siku, akarudi na kopo tupu la bati ambalo mpaka leo ndimo anamotia misumari. Kisha ikawa kila miezi michache mashua ya kampuni moja ya sigara yatia nanga, na watu wake wanasimama gatini wanawarushia watu sigara za bure. Mimi nilikuwepo siku moja, nimekushika mkono, u mdogo. Mtu mwenye kofia alinitupia pakiti ya sigara mbili na wewe akakutupia nyingine. Uliila. Ulitafuna karatasi, ukatema, ukalia, na watu wote wakacheka, na mimi nikazipeleka zangu dukani kwa Babu yako, akanisifu. Mwaka ule kikapu cha tumbaku ya Pate kilihamishwa nyuma ya duka. Na harusini, palipokuwa sinia la tambuu likizungushwa, pakawa na sinia la sigara zimesimamishwa ndani ya bilauri kama maua.

Hayo yote hayakumkasirisha Babu yako. Kilichomkasirisha ni adabu. Mjomba wako utakayekaa kwake ana miaka arubaini na watoto sita, na kila ajapo huku hununua sigara dukani kwa babake mwenyewe; lakini akimwona Babu yako anakuja njiani, huitupa mchangani na kuikanyaga, hata kama ndiyo kwanza ameiwasha. Hiyo ndiyo sheria ya mji wetu. Uvute utakavyo, ila mzee wako asione moshi wako. Mimi naiona sheria hii imetutia katika shimo. Kila mtu anajua na hakuna anayeona. Lakini ndiyo sheria tuliyozaliwa nayo, na wewe uliivunja, na uliivunja kwa sababu yangu.

Siku ile alikuwa amekuja Bwana Famau, yule anayetuletea majani kutoka Pate, pamoja na wageni wake wawili. Babu yako aliita kahawa, na papo hapo akaita, "Lali! Na sigara yangu uiwashe!" Ilikuwa kazi ya safari mbili. Ya pili ingekuwa yangu, kuteremsha kahawa mpaka nyuma ya mlango, wewe uipokee hapo. Ni vidato tu. Lakini nilisikia sauti za wageni, nikaona nikifika nyuma ya mlango wataona ncha ya mguu wangu, nikashindwa. Nikakutia dele la kahawa mkono mmoja, na sinia la finjani mkono wa pili. Ukaniuliza, "Na sigara, Khalati?" Nikakutia mdomoni mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuivuta mara mbili pale kwenye seredani ya makaa kabla ya kukupa. Nikasema, "Shuka upesi, Lali. Ukifika kwenye mlango weka sinia kwanza."

Hukuweka sinia kwanza, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na Bwana Famau amesimama mbele yake. Ukatokea mbele ya wageni mikono imejaa, sigara mdomoni, na moshi unatoka puani, pande zote mbili, vizuri kabisa, kama nilivyokuonyesha.

Bwana Famau akasema, "Mashallah, Athmani! Huyu si mjukuu, huyu ni mteja."

Wageni wakacheka. Babu yako hakucheka. Sikio lako alilolivuta siku ile mpaka leo nalitazama. Akasema, "Nani alokufunda?" Ukatazama finjani. "Nakuuliza, nani alokufunda?" Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya kati, karibu na dirisha dogo, nimeshika ukuta. Uliinua mato ukanitazama gizani. Nadhani uliniona. Ukainamisha kichwa ukasema, "Hapana mtu."

Nikageuka, nikakupa mgongo.

Niliendelea kupanda ngazi. Nilisema moyoni, nitamwambia baada ya magharibi. Baada ya magharibi nikasema, nitamwambia kesho akiwa peke yake. Hakuwa peke yake. Na kila nilipokupitia humo ndani, wewe hukunikasirikia, ndiyo kwanza ulikuwa ukinitania, "Khalati, mbona unatembea kama paka aliyeiba samaki?" Ulidhani unanifurahisha.

Toka siku ile sijavuta. Siku tisa. Sikwambii ili unisifu. Nakwambia kwa sababu wewe nawe huna sigara tangu siku ile, na nimekuona ukimpigia Bibi yako kelele kwa kijiko tu, na ukaamka usiku. Huenda unadhani umeingiwa na shetani wa hasira. Si shetani. Ni hicho tulichokizoea. Mimi leo nimepanda jikoni mara tano bila kazi, nimesimama juu ya seredani navuta harufu ya makaa. Mikono yangu inatafuta kitu cha kushika, ndiyo maana hati yangu imekuwa mbaya. Kuna wakati hupita, kama robo saa, nikasahau, kisha hurudi. Sijui itachukua muda gani. Nikijua nitakuandikia.

Lingine ambalo hulijui. Mwezi uliopita nilimsindikiza Babu yako hospitali kwa kile kikohozi chake, mimi nikiwa na buibui nimekaa pembeni. Dakitari ni yule wa bara, Bwana Mutua. Akamwekea chombo kifuani, akasikiliza mbele na nyuma.

"Mzee, unavuta sigara ngapi kwa siku?"

"Sihesabu."

"Kama ngapi?"

"Mtu hahesabu riziki yake, Bwana."

"Sasa hii riziki ndiyo inakumaliza. Kifua chako kinalia kama mlango mbovu. Wacha kabisa."

Babu yako akamtazama mfuko wa shati. "Na hizo ulizotia hapo mfukoni ni dawa?"

Bwana Mutua akazifunika kwa mkono, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee, mimi ni mjinga kama wewe. Lakini mimi ni mjinga ambaye amesoma. Ninakwambia kitu ninachokijua."

Tulipofika nyumbani aliita, "Lali! Kaniwashie." Nami nikakuwashia, nikakupa, ukampelekea. Yule mtu alikuwa ametuambia, na mikono yetu, yako na yangu, ikaendelea kama kawaida. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwa ukali "usivute." Nani aniamini? Ninachoweza kukuambia ni kuwa sikuchagua, nawe hukuchagua. Tulitumwa. Sasa huko uendako hakuna atakayekutuma. Mjomba wako ana kiberiti. Kwa mara ya kwanza, ukivuta utakuwa umetaka wewe, na usipovuta pia utakuwa umetaka wewe. Mimi nakuonea wivu kidogo kwa hilo.

Wameadhini alasiri.

Nimeweka kalamu, nimesali, nimeishika tena. Nilikuwa nimepanga barua hii iwe ndiyo kukiri kwangu: uisome Mombasa, ujue kuwa kosa si lako, yaishe. Lakini nimeisoma kutoka juu, nami naona ni hiliki nyingine. Nakuambia wewe, ambaye unajua tayari, na yule asiyejua namwacha chini pale anakunywa kahawa. Radhi yako iko kwake, haiko katika karatasi hii. Leo baada ya magharibi atakwenda kwenye darasa msikitini na kurudi amechoka, na kesho alfajiri unapanda boti ya Mokowe. Hakuna saa nyingine ila hii. Na Bwana Famau yuko naye, namsikia.

Ninashuka. Nikirudi nitaandika.

Nimerudi. Sasa ni usiku, ngoja nipumue.

Nilivaa buibui, nikashuka ngazi zote tatu bila kusimama, kwa kuwa nilijua nikisimama nitarudi. Nikasimama kwenye mlango wa daka. Ni miaka mitano sijasimama pale. Bwana Famau aliponiona alitazama juu ya dari haraka, kwa heshima. Babu yako alisema, "Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikasema, "Baba, aliyemfunza Lali kuvuta ni mimi."

Sauti ilitoka ndogo. Akasema, "Wasemaje?" Nikalazimika kurudia, na mara ya pili ilitoka kubwa mno, nadhani mpaka nyumba ya pili walisikia. "Ni mimi niliyemfunza kuvuta. Nilimfunza akiwa na miaka saba. Siku ile sigara nilimtia mdomoni mimi."

Bwana Famau akaanza kutafuta viatu vyake, naye alikuwa amevivaa.

Babu yako akasema polepole, "Na mambo haya yasemwa mbele ya mgeni?"

Nikasema, "Lali naye aibu aliipata mbele ya mgeni, Baba."

"Na wewe ulijuaje kuvuta?"

Hili sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, sikuwa nimejiandaa kwa swali. Nikamwambia kweli. Nikamwambia habari za ngazi, na sigara kuzima, na wazee kunicheka, na jinsi nilivyoivuta kila vidato vitano. Sikumlaumu, nilisema tu ilivyokuwa. Nikamwambia pia kwamba miaka hii yote ya karibuni sigara alizoletewa zilipita mdomoni mwangu kwanza. Alipolisikia hilo alifumba macho.

Kikohozi kikamshika, kirefu. Bwana Famau akampigapiga mgongoni, akasema, "Athmani, ee Athmani. Hata mimi sigara zangu huniwashia binti yangu. Na sijui huwashaje. Sasa nitamuuliza nini?"

Babu yako alipopata pumzi aliniambia, "Panda juu." Basi.

Nikapanda. Nilijua nimeharibu. Nilisema, sasa tumekuwa wawili tusio na radhi, na mimi sisafiri, nitakaa naye nyumba moja akinitazamia ukuta. Nikakaa kwenye kidato cha juu kabisa, pale nilipokukalisha siku ile, na wewe ulikuwa ufuoni unaaga wenzako hujui kitu. Nilikaa mpaka jua likaondoka ukutani. Nikamsikia Bwana Famau akiaga, na mlango wa nje ukifungwa. Kisha Babu yako akaita kutoka chini. Hakuita "Lali." Aliita, "Esha! Mwite mwanao aje."

Mwanao. Tangu dada yangu afariki, Babu yako hajakuita hivyo kwangu. Bibi yako husema, majirani husema. Yeye hakuwahi.

Nilikutafutia mtu wa kukuita, ukaja mbio, miguu imejaa mchanga, ukaniuliza, "Anataka kunipiga?" Nikasema sijui, na kweli nilikuwa sijui. Ukashuka. Sikukufuata. Nilibaki kwenye dirisha dogo, na kutoka pale haionekani ila mkono wake na kichwa chako. Niliuona mkono ukikaa juu ya kichwa chako muda mrefu. Maneno sikuyasikia, ni yako na yeye. Namjua, hatakuwa amekuambia kwa nini amegeuka, na wewe huwezi kumuuliza. Sasa umejua.

Ulipopanda ulikula wali wote, na samaki wangu pia ukamla. Sasa umelala na mkoba umeuweka kichwani kama mtu anayeogopa kuachwa.

Tangu hapo Babu yako hajasema nami mpaka saa hii. Huenda kesho atasema, huenda mwezi ujao. Niache, nitastahimili. Ile siri imenitoka, na nafasi yake imeingia hofu ya kawaida, ambayo ni nyepesi zaidi. Bado mikono yangu inataka sigara. Nilidhani nikisema kweli itaondoka, haikuondoka.

Sasa linabaki moja, na ndilo linalonitetemesha kuliko lile la dakani. Radhi ya Babu yako unayo. Ya Bibi yako ulizaliwa nayo. Yangu sijakupa, kwa kuwa sikujiona kama ni mtu wa kutoa radhi. Nilikuwa najiona mtoto mkubwa anayemlinda mtoto mdogo. Lakini leo nimeitwa mzazi wako mbele ya ngazi zote. Basi nakupa. Nimekuwia radhi, Lali, kwa unalolijua na usilolijua, uende ukiwa na amani, na Mungu akufungulie kila mlango utakaougonga.

Na mimi je? Sijui kama mzazi humwomba mwanawe radhi. Sijapata kumsikia hata mmoja katika mji huu. Mimi nakuomba. Ulikuwa na miaka saba, ukaniamini, na miaka mitano baadaye ukanifichia kwa gharama yako. Usinijibu upesi kwa kunihurumia. Kaa nayo. Ukiwa na hasira, andika kuwa una hasira. Ukiwa umeniwia radhi, andika. Ukiwa bado hujui, andika hivyo, nami nitangoja.

Mamako,
Esha